SHUBIRI MOJA YA ARDHI: HAKI YA NJIA NA MPAKA BAINA YA MAJIRANI

KHUTBA YA IJUMAA – UVIRA

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, aliyeiumba ardhi na akaitandika ili waja wake waishi juu yake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba zake, na wote wanaofuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.



Nakuusieni, na ninaiusia nafsi yangu kwanza, tumche Allah (s.w.) kwa siri na kwa dhahiri. Leo tunataka kuzungumzia jambo ambalo liko mlangoni kwa kila mmoja wetu, nalo ni ugomvi wa majirani juu ya njia ya kupita na mipaka ya parseli na bustani.

Ndugu zangu katika imani, wapo watu wanaosimama safu moja hapa msikitini, bega kwa bega, mguu kwa mguu. Wakishatoa salamu, mmoja anatokea mlango huu na mwingine mlango ule, ili wasikutane. Ukiuliza kisa ni nini, utaambiwa ni hatua mbili za ardhi, au mwembe ulio mpakani, au njia iliyofungwa kwa mabati. Watoto wao hawachezi pamoja. Mama wa nyumba hii akipika, hawezi tena kuomba chumvi nyumba ile. Hili si jambo dogo mbele ya Allah.

Kwa nini ugomvi huu umezidi kwetu?

Mji wetu umebanwa. Upande mmoja ni milima ya Mitumba, upande wa pili ni ziwa Tanganyika, na watu wanaongezeka kila mwaka katika ukanda huo mwembamba. Zamani mzee alikuwa na parseli kubwa yenye michikichi na migomba. Akawagawia watoto wake. Mtoto mmoja akauza nusu, aliyenunua naye akakata kipande akauza. Mwisho zinakuwa nyumba nne au tano pale palipokuwa na nyumba moja, na za nyuma hazina pa kutokea isipokuwa kupitia kwa yule wa mbele.

Juu ya hayo, yametupata mambo ambayo yamefuta mipaka. Oktoba 1996 vita vilipofika hapa, watu wengi walivuka ziwa kwenda Kigoma, na wengine wakaishi miaka katika kambi ya Nyarugusu. Kuanzia mwaka 2005 wakimbizi waliokuwa Tanzania walianza kurudishwa Kivu ya Kusini kwa meli. Wapo waliokuta ua umesogea, au mtu mwingine analima. Aprili 2020, wiki moja hivi kabla ya Ramadhani, mto Mulongwe ulifurika. Watu kwa makumi walifariki, na maelfu ya nyumba zilibomoka. Matope yalifunika mawe ya mpaka na miti iliyopandwa na wazee. Mwaka 2021, na tena 2024, maji ya ziwa yalipanda yakaingia katika nyumba za ufukweni, na watu wakahamia katika viwanja vya ndugu na jamaa. Na Desemba 2025 maelfu walivuka tena, safari hii kwenda Burundi.

Kila mara watu wanapokimbia, ardhi inabaki bila mwenyewe, na shetani anamnong'oneza aliyebaki: sogeza ua kidogo, nani atajua?

Allah anajua. Na hili ndilo neno la khutba yetu leo: shubiri moja ya ardhi ya jirani, na njia moja aliyofungiwa jirani, ni deni litakalodaiwa mbele ya Allah, hata kama karatasi unazo na hata kama shefu amekupa haki.

Jirani katika Qur'ani na Sunna

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 36, Allah ametuamrisha tumwabudu Yeye peke yake, kisha akataja wema kwa wazazi, jamaa, mayatima na masikini, kisha akamtaja jirani wa karibu na jirani wa mbali. Angalia alipowekwa jirani: katika aya ile ile iliyoanza na tauhidi. Naye Mtume (s.a.w.) ametueleza, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Jibril (a.s.) alimuusia sana juu ya jirani, hata akadhani kwamba jirani atapewa fungu katika mirathi.

Sasa ikiwa jirani alikaribia kuingizwa katika mirathi yako, vipi wewe unaingia katika mirathi yake kwa kusogeza ua usiku?

Shubiri ya ardhi

Mtume (s.a.w.) amesema, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Said bin Zayd (r.a.), kwamba mwenye kuchukua shubiri moja ya ardhi kwa dhulma, Siku ya Kiyama atavishwa shingoni ardhi hiyo mpaka tabaka ya saba. Shubiri ni kitu gani? Ni upana wa kiganja kilichokunjuliwa, kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Katika shubiri huwezi kupanda hata mche mmoja wa muhogo ukastawi vizuri. Lakini mzigo wake ni huo.

Na katika hadithi ya Ali (r.a.) iliyopokewa na Muslim, Mtume (s.a.w.) amewataja watu waliolaaniwa na Allah, na miongoni mwao ni yule anayebadilisha alama za ardhi. Alama za ardhi ndizo hizi borne zetu, ni mawe, ni mstari wa minyaa, ni mti uliopandwa na wazee wawili wakiwa wamesimama pamoja. Anayeng'oa jiwe la mpaka amejiingiza katika laana, na swala yake ya usiku haimwondoi humo mpaka arudishe.

Said bin Zayd mwenyewe, ambaye ni mmoja wa masahaba kumi waliobashiriwa Pepo, alishitakiwa na mwanamke aitwaye Arwa bint Uways mbele ya Marwan, liwali wa Madina, kwamba amemega ardhi yake. Said akajibu: vipi nichukue ardhi yake nami nimesikia kwa Mtume habari ya zile ardhi saba? Marwan hakumtaka ushahidi mwingine. Said akamwachia yule mwanamke ardhi aliyoidai, kisha akamwomba Allah: ikiwa ni mwongo, apofuke macho na afie katika ardhi yake. Muslim amepokea kwamba alipofuka, na siku moja akipita katika ardhi yake akatumbukia shimoni akafa.

Ndugu zangu, tusikichukue kisa hiki tukaenda kuapizana. Tukichukue kwa funzo lake. Mwenye haki aliweza kuiacha ardhi, na aliyeipata kwa uongo ilikuwa kaburi lake.

Karatasi haihalalishi dhulma

Wapo wanaosema: mimi nina fishi ya parseli, nina karatasi ya kuuziana, nina cheti cha kadastre. Ni vizuri kuwa na karatasi. Sheria ya ardhi ya nchi yetu ya tarehe 20 Julai 1973 imesema kwamba ardhi ni mali ya Dola, na mwananchi anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha kuandikishwa. Muislamu anatakiwa kuandikisha mali yake. Qur'ani yenyewe, katika Suratul-Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandika madeni na kuweka mashahidi.

Lakini karatasi inaandikwa na mwanadamu kwa yale aliyoambiwa. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi ya Ummu Salama (r.a.), kwamba yeye ni binadamu, na watu wanamletea mashitaka, na huenda mmoja akawa hodari wa kujieleza kuliko mwenzake, akampa haki kwa alivyosikia. Akaonya kwamba aliyepewa namna hiyo haki ya ndugu yake asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu iliyotoka kinywani mwa Mtume haimhalalishii mtu haki ya mwenzake, je, muhuri wa ofisi? Na katika Suratul-Baqara, aya ya 188, Allah ametukataza kula mali zetu kwa batili na kuzipeleka kwa mahakimu ili tule sehemu ya mali za watu kwa dhambi, nasi tunajua. Anayempa bahasha mpimaji ili mstari upinde kidogo, aya hiyo inamhusu.

Haki ya njia

Sasa tuje kwenye njia, kwa sababu ndiyo inayoumiza wengi.

Mtume (s.a.w.) amehukumu, katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba watu wakihitilafiana juu ya njia, iwekwe dhiraa saba. Dhiraa ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, kwa hiyo dhiraa saba ni kama mita 3 na nusu au pungufu kidogo. Wanachuoni wamesema kipimo hiki ni pale watu wanapojenga na hawakuafikiana. Wakiafikiana kwa ridhaa, makubaliano yao yanafuatwa. Tunajua kwamba katika kartie zetu nyingi mita 3 hazipatikani tena. Lakini tufahamu makusudio: njia iwe ya kumtosha binadamu na mzigo wake. Leo hiyo ni pikipiki, ni mama mwenye bidoni ya maji kichwani, ni mgonjwa anayebebwa usiku. Na siku jeneza litakapotoka katika nyumba ile ya nyuma, litapita wapi? Utawaambia watu walipitishe juu ya ukuta wako?

Tutofautishe mambo mawili, maana hapa ndipo watu wanapochanganya.

La kwanza ni njia ambayo tayari ipo. Kiwanja kilipogawanywa au kuuzwa, aliyekaa nyuma aliachiwa njia, naye anaipita. Hiyo ni haki yake. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kichochoro kisichopenya ni mali ya pamoja ya wale ambao milango yao inafungukia humo. Hakuna mmoja wao mwenye ruhusa ya kukiziba, wala kujenga baraza, wala kuchimba choo ndani yake, ila kwa ridhaa ya wenzake. Usiseme: njia imo katika kipimo changu. Ulinunua kiwanja pamoja na haki zilizokuwa juu yake. Na sheria ya nchi nayo inaijua haki hii ya kupita kwa aliyezungukwa.

La pili ni njia au huduma mpya ambayo jirani anaiomba. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kumzuia jirani yake kuegemeza mti katika ukuta wake. Abu Huraira alipoona watu wanalichukia jambo hilo, aliwakemea vikali. Imam Ahmad ameliona ni wajibu, na wanachuoni wengi wameliona ni sunna iliyokokotezwa. Kwa vyovyote, jirani anapokuomba kitu ambacho hakikudhuru naye kinamfaa, kukataa si tabia ya muumini.

Wenzetu wanaolima uwanda wa Ruzizi, kule Kiliba, Sange na Luberizi, wasikilize kisa hiki kilichomo katika Muwatta ya Imam Malik. Dhahhaak bin Khalifa alitaka kupitisha mfereji wa maji katika ardhi ya Muhammad bin Maslama. Akakataliwa. Akamwambia: kwa nini unanizuia, nawe utanywesha wa kwanza na wa mwisho, wala hupati dhara? Akakataa tena. Kesi ikafika kwa Umar bin Khattab (r.a.), naye akaapa kwamba mfereji ule utapita hata ikibidi upite juu ya tumbo lake. Ukapitishwa. Haya yalikuwa baina ya masahaba, watu bora. Ugomvi unaweza kumpata mtu mwema. Kilicho kibaya ni kuung'ang'ania.

Niseme hili na nimuombe Allah msamaha mimi nanyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu Waislamu, wazee wangu, mama zetu, na vijana. Tumesikia hukumu; sasa tufanye nini?

1. Kabla ya kujenga, mwite jirani. Usinyanyue tofali la kwanza mpaka jirani wa kila upande amesimama na kuona uzi ulipopita. Saa moja ya asubuhi inakuokoa na miaka kumi ya kesi. Waite pia wazee wawili wanaoujua mtaa, na shefu wa avenyu. Andikeni, na kila mmoja abaki na nakala.

2. Unapogawa au kuuza, iandike njia. Mzee anayewagawia watoto wake aseme kwa mdomo na kwa maandishi: njia ni hii, upana wake ni huu, ni ya wote. Ukinyamaza, unawaachia wanao vita. Na ukiuza, mwanzie jirani. Bukhari amepokea kwamba Abu Rafi (r.a.) alimuuzia Saad bin Abi Waqqas (r.a.) vyumba vyake kwa dirhamu 4000 za kulipa kidogo kidogo, na ilhali mtu mwingine alikwisha mpa dinari 500, ambazo ni zaidi. Akasema lau asingemsikia Mtume akisema kwamba jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake, asingefanya hivyo.

3. Miti na maji. Tawi la mwembe wako likiingia kwa jirani, na likamsumbua, ni juu yako kulirudisha au kulikata anapokuomba. Yeye aanze kwa kukuambia, asianze na panga. Maembe yaliyo katika tawi hilo ni mali ya mwenye mti, lakini ni uzuri gani ukimwambia jirani: chuma, kula! Maji ya bati lako yasimwagikie ukuta wa mwenzio wa matofali ya udongo, yataubomoa. Usizibe mfereji wa mvua ili uongeze tuta moja la lengalenga, maana mvua ikija maji yatatafuta nyumba ya mtu. Choo na shimo la taka visielekee bustani au kisima cha jirani. Yote haya yamo katika kanuni ya Mtume (s.a.w.) kwamba hakuna kudhuru wala kulipiza madhara.

4. Mali ya asiyekuwepo. Waliokimbia, wajane na mayatima, hao ndio wepesi wa kumegewa. Wewe uliyebaki ni mlinzi wa mpaka wa jirani yako. Akirudi, mwonyeshe: jiwe lako liko hapa. Ukiwa umelima kiwanja chake wakati hayupo, mwambie, mpatane. Na mafuriko yakifuta alama, isiwe mwenye nguvu ndiye anayechora upya. Waitwe wazee, itazamwe mizizi ya miti na misingi ya nyumba, na palipo na shaka pagawanywe sawa.

5. Mkigombana, anzeni na sulhu. Allah amesema katika Suratun-Nisaa, aya ya 128, kwamba sulhu ni bora, na katika Suratul-Hujurat, aya ya 10, kwamba waumini ni ndugu, basi tupatanishe baina ya ndugu zetu. Mwende kwa jirani wewe mwenyewe kwanza, bila ya watu na bila ya sauti. Isipowezekana, wazee wa msikiti wapo. Isipowezekana, shefu wa kartie, kisha ofisi za ardhi na mahakama. Kwenda mahakamani kudai haki si dhambi. Lakini jueni gharama: safari, karatasi, na wanasheria vinaweza kula thamani ya kile kipande chenyewe. Na jirani yako akiwa si Muislamu, haki yake ni ile ile. Jirani wa mbali aliyetajwa katika aya, wapo wanachuoni waliosema anaingia humo asiyekuwa wa dini yako.

6. Mpatanishi awe mwadilifu. Nabii Daud (a.s.), katika Suratu Saad, alijiwa na watu wawili waliogombana, mmoja ana kondoo tisini na tisa, na anamtaka na yule mmoja wa mwenzie. Daud akatoa kauli baada ya kumsikia mmoja, kisha akatanabahi kuwa ametahiniwa, akamwomba Mola wake msamaha. Kwa hiyo usiamue mpaka umesikia pande zote, na umekwenda mahali penyewe ukaona kwa macho.

Ndugu zangu, aliyekwisha sogeza mpaka, mlango wa toba uko wazi, lakini toba ya haki za watu ina sharti: kurudisha. Huwezi kusoma istighfari elfu huku ua umebaki pale pale. Mtume (s.a.w.) ametueleza habari ya muflisi, atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, naye amewadhulumu watu, watagawiwa mema yake mpaka yaishe, kisha atatwikwa madhambi yao. Je, utapenda funga yako ya Ramadhani yote imwendee jirani kwa sababu ya tuta la mihogo?

Na wewe uliyedhulumiwa, dai haki yako kwa adabu. Ukisamehe kipande kidogo kwa ajili ya Allah, hukupoteza. Lakini njia ya kutokea watoto wako, hukuombwa uiache. Idai, na sisi jamaa ya msikiti tuwe pamoja nawe.

Leo baada ya swala, mwenye ugomvi na jirani yake aliyeko hapa, asitoke kwa mlango mwingine. Amsubiri, ampe salamu, wapange siku ya kwenda kutazama mpaka pamoja.

Ewe Mola wetu, tupatanishe nyoyo zetu. Turudishie amani katika mji wetu na katika pwani yote ya ziwa hili. Warudishe salama waliokimbia, na uwakutanishe na majirani waaminifu. Wasamehe waliofariki kwa maji na kwa vita. Tuepushe na shubiri ya haramu, katika ardhi na katika kila mali. Uturuzuku majirani wema, na utujaalie sisi wenyewe tuwe majirani wema. Amin, yaa Rabbal-alamin.

Simamisheni swala.